Osiloskopu ya laki tatu inamtosha fundi anayeanza

Wiki haipiti bila kijana kuniuliza anunue osiloskopu gani, yaani kile kifaa kinachochora kwenye skrini jinsi umeme unavyopanda na kushuka, na wengi wanakuja wameshakata tamaa maana wameona video ya mtu ana osiloskopu ya Rigol ya chaneli nne mezani, inayopima sehemu nne kwa pamoja, wakaulizia bei, wakarudi kwenye mita yao kimya kimya. Mi nasema wazi kabisa, anayeanza elektroniki hapa kwetu hahitaji mashine ya dola 400. Laki tatu hivi za Kitanzania, na ukibanwa sana hata chini ya laki, unaingia kwenye mchezo, na utaona vitu ambavyo mita haitakuonyesha hata ukae nayo miaka kumi.

Ngoja niwaambie kilichonifanya niamini hivyo. Niliwahi kuletewa DVR, ile mashine inayorekodi picha za kamera za ulinzi, inajizima na kuwaka yenyewe kila baada ya dakika mbili tatu, adapta yake ya volti 12 nikaipima ikasoma 12.1, nikasema pawa ni safi, nikahamia kwenye bodi, nikarudia kuchomelea risasi kwenye miguu ya IC, nikabadilisha soketi, siku mbili zikaenda hivyo na mwenye mali anapiga simu. Jamaa wa ofisi ya jirani alikuwa na osiloskopu ndogo ya mkononi, tukashika waya wa adapta huku DVR inafanya kazi, na pale kwenye skrini ile "12.1 safi" ilikuwa inapanda na kushuka zaidi ya volti moja, na diski ikianza kuzunguka inazama mpaka 9 kwa milisekunde chache halafu inarudi. Mita inakupa wastani, tena inasoma mara mbili tatu kwa sekunde, hiyo milisekunde itaionea wapi? Kapasita ya upande wa kutolea ilikuwa imekauka bila hata kuvimba. Nikaweka mpya yenye ESR ndogo, yaani ukinzani mdogo wa ndani, mstari ukanyooka, DVR ikatulia. Siku ile ile nikaanza kuweka hela pembeni.

Sasa wakija, swali lao la kwanza ni megahezi ngapi, yaani mashine inaweza kufuata mawimbi ya kasi gani, na mimi nawarudishia swali, unatengeneza nini? Kwa sababu angalia, umeme wa ukutani ni hezi 50. Muziki mwisho wake kilohezi 20. PWM, ule umeme wa kuwasha na kuzima haraka haraka, kwenye pini nyingi za Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia, ni kama hezi 490. Serial, njia ya vifaa kutumiana data, ikiwa kwenye kasi ya 9600, biti moja inachukua mikrosekunde 104 hivi, hapo ni kama inatembea kwa miguu. I2C, njia nyingine ya chipu kuongea, ni kilohezi 100 au 400. Chaja na pawa saplai nyingi tunazofungua zinapiga kilohezi 60 mpaka mia na kitu. Mwaka mzima wa kwanza wa kujifunza unaweza kuishia humo.

Ila megahezi nayo ina maana yake, tusiidharau. Ile namba inayoandikwa kwenye boksi ni pale ambapo wimbi laini la kawaida linaonekana kwa asilimia 70 tu ya kimo chake cha kweli, na wimbi la pembe nne ni gumu zaidi kwa sababu ndani yake kuna mawimbi ya mara tatu, mara tano, mara saba ya kasi ile, yakikatwa hayo pembe zinalainika. Ndo maana DSO138, ile osiloskopu inayokuja vipande vipande (kit) unayochomelea mwenyewe, chaneli moja na kilohezi 200, inafaa kabisa kwa amplifaya, lakini ukipima geti ya mosfeti, ile swichi ya ndani ya pawa saplai ya kilohezi 65, utaona kitu cha duara duara ukadhani drayva inayoiendesha imekufa, kumbe ni kifaa chako ndo kimefika mwisho. Nampendekezea aliyebanwa kweli na anayetaka pia mazoezi ya risasi, na namwambia mpaka wake mapema asije akakilaumu kifaa cha mteja.

Zile za kuchomeka USB kwenye laptopu, kama Hantek 6022BE, bei ni nzuri na skrini ni kubwa, lakini mimi sizipendi kwa mtu anayeanza. Inaandikwa megahezi 20 wakati inachukua vipimo milioni 48 kwa sekunde, yaani huko juu wimbi moja linapata vipimo viwili na kidogo, picha gani utachora na nukta mbili? Mimi nataka angalau vipimo vitano kwa kila wimbi. Na kubwa zaidi, klipu nyeusi ya probu, ule waya wa kupimia, inaungana moja kwa moja na graundi ya laptopu, ukikosea pahali unaondoka na motherboard.

Hapa kwenye klipu nyeusi nitakaa kidogo, maana ndo pananiogopesha kuliko pesa. Osiloskopu ya mezani, klipu ile imeungwa na ethi ya ukutani, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ukiibana upande wa moto wa pawa saplai, ule unaoungana na umeme wa ukutani, pale kwenye kapasita kubwa ya volti 320 na zaidi, umeunganisha umeme na ethi kwa waya wa probu, inapasuka mbele ya uso wako. Kuna mafundi wanakata pini ya ethi ili "isipige", jamani msifanye hivyo, mwili wote wa mashine unakuwa na umeme na we umeegemea. Ya betri haina njia ya kwenda ethi kwa hiyo inakusamehe zaidi, ila chuma chote kilichoungana na klipu kinakuwa hai, na klipu ya chaneli ya pili ni ile ile moja, na usipime nayo huku umeichomeka kwenye USB inachaji. Kwa miezi ya mwanzo kaa upande wa volti ndogo tu.

Kwa hiyo chaguo langu ni ya mkononi ya betri, chaneli mbili, ambayo ndani yake kuna na mita. Mimi nilichukua OWON HDS242, megahezi 40, na mpaka inafika mkononi ilikuwa kama laki tatu na kidogo. Chaneli mbili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu utataka kuona kinachoingia na kinachotoka kwa wakati mmoja. Osiloskopu za zamani za mtumba zenye kioo cha CRT, kama cha TV za kizamani, ni nzuri sana kwa macho, ila ikifa transfoma yake umebaki na boksi zito, na haiwezi kukuwekea tukio lililopita mara moja.

Ukishaipata, anzia kwenye ile wimbi ya pembe nne ya kilohezi 1 inayotolewa na mashine yenyewe, weka probu x10, na kwenye menyu pia x10 la sivyo volti 12 itasomeka 1.2, halafu zungusha skrubu ndogo ya probu mpaka pembe zikae sawa, zisichongoke wala zisiviringike. Kitufe cha Auto kiache kwanza, weka triga, yaani kiwango cha volti ambacho mashine inasubiri ndo ianze kuchora, kwa mkono wako, polepole utaelewa kwa nini picha inakimbia na kwa nini imesimama. Baada ya hapo rudisha x1, chagua AC kwenye menyu ya chaneli ili ubaki na mtikisiko tu, weka milivolti 50 kwa kila mraba wa skrini, na pitia adapta zote za nyumbani zikiwa zinaendesha vifaa vyake, ya ruta, ya king'amuzi, ya taa za LED. Ya ruta yangu niliibadilishia kapasita usiku ule ule.