Mvinyo wa mabibo: ukae juu ya hamira au uchujwe mapema?

Msimu wa korosho ukifika Newala na Tandahimba, mabibo hulala chini ya mikorosho yakichuruzika maji, na harufu yake anaijua kila aliyekulia huku. Machache hukamuliwa yakawa uraka, pombe ya kienyeji, na uraka nao ukachemshwa ukawa nipa, pombe kali. Mengi huoza. Ndiyo maana nafurahi kuona juhudi za kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kufundisha usindikaji wa mabibo kuwa juisi, jamu na mvinyo. Kwenye mvinyo ndipo linapozuka swali: hamira ikishamaliza kuchachua, mashapo yake yaondolewe mara moja, au mvinyo ukae juu yake kwa miezi?

Wengi wetu tunadhani sukari ikiisha, kazi ya hamira nayo imekwisha. Sivyo. Seli zikikosa chakula na pombe ikizidi, hufa zikazama chini ya chombo. Hapo vimeng'enya vyao wenyewe huanza kuzila kutoka ndani, jambo ambalo wataalamu huliita otolisisi. Ukuta wa seli hulegea, zikatoka amino asidi pamoja na manoprotini, yaani protini zilizoungana na sukari aina ya manosi. Manoprotini ndizo zinazoupa mvinyo ulaini na uzito mdomoni.

Wanaotaka mvinyo ukawie juu ya mashapo hawana hoja nyepesi. Kule Champagne, Ufaransa, kanuni zinataka chupa ya mvinyo ikae pishini si chini ya miezi 15, na 12 kati ya hiyo iwe juu ya hamira iliyokufa. Chupa za mavuno ya mwaka mmoja hukaa miaka 3. Ile harufu ya mkate uliotoka tanuri inayosifiwa kwenye mvinyo huo inatoka kwenye mashapo hayo. Tena seli zilizokufa hufyonza oksijeni iliyomo kwenye mvinyo, zikaukinga usigeuke rangi na ladha.

Sisi tuna sababu moja zaidi. Bibo lina tanini nyingi. Ukilitafuna, ulimi hukaza na mdomo hukauka, kwa kuwa tanini hushikana na protini za mate. Ukakasi huo huo huingia kwenye mvinyo. Manoprotini na kuta za seli huidaka sehemu ya tanini ndani ya chombo, kabla haijafika mdomoni kwa mnywaji. Kwa tunda la zabibu hilo ni pambo. Kwa bibo naliona karibu kuwa dawa.

Lakini mapishi ya watu hayahami bila hali ya hewa yao. Mapango ya chokaa ya Champagne yana nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima. Nyumba ya bati Mtwara, mwezi Desemba, hupita 30. Joto huharakisha otolisisi, ni kweli, ila halichagui: huvunja pia zile esta zinazonukia matunda, na hewa ikipenya huwapa nafasi bakteria wa siki. Hata Jerez, Hispania, ambako hamira hai hutanda juu ya mvinyo na kuishi kwa kula pombe na gliseroli, utando huo hupungua kiangazi kikali. Kisha kuna usafi. Amino asidi zinazotoka kwenye seli zilizokufa ni karamu kwa hamira nyingine iitwayo Brettanomyces, inayoacha harufu ya zizi la farasi. Mashapo mazito yenye nyama ya tunda hutoa hidrojeni salfaidi, harufu ya yai viza. Na mama anayeanza na ndoo za plastiki ana chombo kinachopitisha hewa polepole hata akikifunika vizuri.

Kinachonielemeza upande wa kuchuja mapema ni jambo jingine kabisa. Ile hoja kubwa ya tanini inaweza kujibiwa kabla hamira haijaingia. Juisi ya mabibo ikitiwa uji mwepesi wa mchele au jelatini, tanini hushikwa ikatuama, na juisi safi ya juu ikamiminwa kwenye chombo kingine. Ni kazi ya saa chache, si ya miezi. Baada ya hapo kinachobaki cha kutafuta kwenye mashapo ni uzito mdomoni, na kwa huo sioni haja ya kuhatarisha pipa zima kwenye joto letu. Isitoshe, mnunuzi wa hapa anautafuta mvinyo huu kwa harufu ya bibo. Ikipotea, kuna mvinyo wa zabibu kutoka Dodoma.

Hata hivyo sitaki tuitupe hamira yote. Mashapo mazito yaondolewe siku chache baada ya uchachu kukoma. Yale mepesi, meupe, yanayotua baadaye, yaachwe mwezi mmoja au miwili kwenye chombo kilichojaa hadi juu, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, yakikorogwa polepole na kuonjwa kila wiki. Harufu ya yai ikianza tu, uchujwe siku hiyo hiyo. Mwenye jokofu kubwa au chumba cha chini ya ardhi ana haki ya kwenda mbali zaidi, na ningependa sana kuonja atakachotoa.