Rezo ya huku Kabare inatumaliza
Jamani hii rezo, mtandao wa simu! Bukavu pale mjini, mashariki mwa Kongo, unachagua kampuni, moja ikikusumbua unaweka karti ya simu ya ingine, lakini ukipanda tu huku kwetu Kabare ni kampuni moja njo inashika na inajua kabisa hauna pa kwenda, mega za intaneti unalipa dola zilezile za mjini na zinaisha video haijafunguka, kale kaduara kanazunguka tu. Usiombe uteremke kandokando ya ziwa Kivu, simu inarukia minara ya Rwanda bila kukuuliza, inite, yaani salio, kwisha! Wengine wanasema eti weka sahani ya setilaiti ya intaneti. Sawa, na umeme wa kuiwasha? Paneli ya jua yenyewe inachaji simu na redio ya mzee, basi. Na bei ya hiyo sahani, mwalimu wa huku hata asiiulize.