Mitambo ya kale ya magharibi mwa Kenya: tuwaachie wakusanyaji binafsi?

Makumbusho ya Kitale yalianzia mikononi mwa mtu mmoja. Kanali Hugh Stoneham alikuwa mkusanyaji wa wadudu, wanyama na vitabu, na mwaka 1926 akafungua makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966, wosia wake uliliachia taifa mkusanyo huo pamoja na fedha za kujenga. Jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974.

Je, mitambo yetu ya zamani inaweza kuokolewa kwa njia hiyo? Kisumu ilifikiwa na reli mwaka 1901, na meli zililetwa hapa vipande vipande zikaunganishwa kwenye Ziwa Viktoria. Zikaja gramafoni, redio za mbao, posho mili za dizeli, taipureta za makarani, na hizi simu za vibonye zilizopokea M-Pesa mwaka 2007. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Ujenzi wa reli wenyewe ulianza 1896, kwa hiyo mitambo hii yote imeachwa nje! Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye kuwa cha kulindwa, lakini nani atamwandikia waziri kuhusu redio ya marehemu babu? Anayefika kwanza mlangoni ni mnunuzi wa skrapu na mizani yake.

Hapo ndipo mkusanyaji anapostahili shukrani. Hulipa zaidi ya bei ya kilo. Anajua kapasita ipi, kile kipuri cha kuhifadhi umeme, imevimba, na hutunza redio mbovu ili apate vali, zile taa za kioo za ndani, za kufufua nyingine. Ujuzi huo ofisi nyingi za umma hazina.

Hata hivyo, hukusanya kinachompendeza. Utakuta redio nzuri za sebuleni zimejaa rafu, na hakuna hata moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli na fundi wa soko la Kibuye, Kisumu. Akiipata hiyo, huenda akaisugua mpaka ing'ae, afute jina la mwenyewe lililochorwa kwa msumari. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa, maana jina lile na kile kiraka ndiyo historia yetu. Redio yenyewe ilitengenezwa kwingine.

Halafu kuna suala la umiliki. Paul Allen, mwasisi mwenza wa Microsoft, alifungua kwa umma makumbusho ya kompyuta Seattle mwaka 2012, watu wakawa wanatumia mashine za zamani kwa mikono yao. Alifariki 2018, milango ikafungwa 2020, na mwaka 2024 sehemu ya mkusanyo ikapigwa mnada na kampuni ya Christie's. Kama utajiri ule haukutosha kuyalinda, mkusanyo wa mstaafu wa Kakamega aliouweka dukani mwake utalindwa na nini?

Mimi nawaunga mkono wakusanyaji, ila kwa hati. Wao pia wana hoja: wengi wanaogopa kutoa vitu vikaozee stoo. Basi hati iwafunge wote wawili, mkusanyaji na makumbusho. Makumbusho ya Kisumu, kwa mfano, yavipokee kwa mkopo wa miaka mitano, yavionyeshe na kuvitunza. Yakitimiza hayo, mkopo ugeuke zawadi ambayo warithi hawawezi kuidai wala makumbusho kuiuza. Wakati mazungumzo hayo yakisubiriwa, kila mkusanyaji aandike kadi ya kila kitu alichonacho: kilitoka kwa nani, kijiji gani, kilifanya kazi gani, na fundi gani alikitengeneza mara ya mwisho. Wauzaji wengi ni wazee, na kuwauliza leo bado kunawezekana.