Milwaukee nako kuna watu

Kuna mwandishi anasema mchezaji wa kigeni anayeingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ana haki ya kukataa timu ya mji mdogo, eti huko hakuna watu wa kwao wala matangazo ya biashara. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 2007 Milwaukee Bucks, timu ya mji mdogo wa namna hiyo, walimchagua Yi Jianlian wa China, namba 6 kwenye drafti, yaani utaratibu wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Wawakilishi wake wakagoma asiende huko, mvutano ukaenda hadi mwishoni mwa Agosti ndipo akasaini. Msimu mmoja tu, akapelekwa timu ya New Jersey.

Sasa mtazameni Giannis Antetokounmpo, mtoto wa wahamiaji wa Nigeria, mzaliwa wa Athens. Klabu hiyohiyo, 2013, namba 15. Siku moja aliwatumia wazazi hela zote, akabaki hana nauli, akaanza kukimbia kwenye baridi ile kuelekea uwanjani hadi wapita njia wakampa lifti. Mwaka 2021 alifunga pointi 50 kwenye mechi ya mwisho ya fainali, Bucks wakabeba ubingwa wa kwanza tangu 1971.

Drafti iliwekwa ili timu dhaifu nazo zipate vipaji. Kila nyota akitaka Los Angeles, hao wanaopanga foleni ya tiketi kwenye theluji wapewe nini jamani?