Paa Lilikuwa Kuukuu, Lakini Upepo Ndio Ulioling'oa

Barua iliyokataa dai langu la bima ya nyumba ilikuwa na sentensi tatu, na uzito wote ulibebwa na neno moja: uchakavu. Dhoruba ilikuja usiku, ikang'oa mabati ya upande mmoja, mvua ikamwagika darini, na hadi alfajiri tulikuwa tunakinga maji kwa ndoo chumbani kwa watoto. Kisha kampuni ya bima ikaniambia tatizo ni umri wa paa.

Paa lile lilikuwa la zamani, sikatai. Lilikuwa la zamani pia siku waliponikatia bima, na kila mwaka walipopokea ada yangu. Bima ya nyumba hailipii kitu kilichooza au kuliwa na kutu taratibu, na hilo ni haki. Lakini swali la dai ni moja: hasara hii imeletwa na nini? Kwa kawaida ya sheria za bima, mdai huonyesha kwamba janga lililotajwa kwenye mkataba ndilo lililomwumiza. Kampuni ikitaka kujikinga kwa kipengele cha mambo yasiyolipiwa, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Wengi wetu hatulijui hili. Tunasoma barua, tunanyamaza.

Mthamini waliyemtuma kukagua hasara hakupanda juu. Alipiga picha akiwa chini, akaondoka. Nikamwita fundi wangu, na yeye akapanda. Alinieleza kwamba upepo haulisukumi paa tu, hulinyonya kwenda juu, na nguvu hiyo huwa kali zaidi kwenye pembe, kingo na kofia ya paa. Kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4. Mabati yetu yalikuwa yameanza kung'oka pembeni kabisa. Matundu ya misumari yalikuwa yamechanika na kingo zake zinameta. Mpasuko wa siku nyingi ungekuwa na kutu. Kwenye papi, yaani mbao zinazopigiliwa mabati, moja ilikuwa imepasuka na nyuzi zake bado mbichi. Yote haya yalikuwa yanaonekana kwa yeyote mwenye ngazi.

Nashukuru mke wangu alipiga picha kabla hatujafunika turubai. Kufunika ni wajibu wa mwenye bima, hasara isizidi, lakini turubai ikishafunika inaficha ushahidi. Vipande viwili vya bati nilivitupa kabla mthamini hajafika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Niliwaandikia nikiuliza mambo matatu: ni kipengele gani, kwa ushahidi gani, na ripoti ya mthamini iko wapi. Nikaambatanisha maelezo ya fundi, picha, na rekodi ya upepo wa usiku ule kutoka mamlaka ya hali ya hewa. Walijibu kwa kuniletea malipo ya sehemu tu, pamoja na hati ya kukiri kwamba sidai tena chochote. Sikuisaini. Kumwekea karatasi kama hiyo mtu anayelala chini ya turubai ni kutumia shida yake, na naona wanaojua sheria wanapaswa kulisema hili kwa sauti.

Mthamini wa pili alikuja na ngazi. Ripoti yake imeandika dhoruba. Sasa tunabishania dari.