Uzamivu wa saikolojia: unazamia nini hasa?

Hapa Malindi vijana wengi wenye shahada ya kwanza ya saikolojia husema watasoma "mpaka udaktari", yaani shahada ya uzamivu (PhD), ndipo wafungue ofisi ya ushauri nasaha. Napinga. Kenya, anayetaka kukaa na wagonjwa humtosha uzamili wenye mazoezi chini ya msimamizi, kisha asajiliwe kwa mujibu wa sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014. Marekani ndiko, katika majimbo mengi, udaktari ulio mlango wa leseni ya mwanasaikolojia, na ushauri mwingi wa mtandaoni umetoka huko.

Uzamivu ni wa anayetaka kufundisha chuo kikuu au kutafiti. Kwenye karatasi ni miaka 3, lakini 5 si ajabu. Kinachokula muda ni foleni: kamati ya maadili, halafu kibali cha mwaka mmoja cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, halafu makala za majarida. Makala ya kwanza ipeleke ukingali unakusanya data.

Panapozamisha wengi ni kutafsiri hojaji. Chukua PHQ-9, kipimo cha sonona (depression): maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na kuanzia 10 mtu huchunguzwa zaidi. Muulize bibi wa Langoni, Lamu, kama amekosa hamu. Huenda akakujibu habari za chakula. Chakula kina swali lake, la 5, kwa hiyo umehesabu jambo moja mara mbili. La 9 linahusu kifo. Ukilitafsiri kwa "mawazo", mtu atakuitikia, "Mawazo n'nayo, mwanangu," akimaanisha karo ya wajukuu, nawe umeshamwandika kuwa yuko hatarini kujiua!

Kutafsiri na kurudisha kwa Kiingereza hakulioni kosa hili, maana mtafsiri msomi hukisia nia ya swali. Keti na watu 10 au 15, usome swali, kila mmoja akueleze alivyolielewa. Rekebisha, urudi tena. Wiki 3 hizo wengi huziruka, na mtahini huanzia hapohapo.

Kuhusu kazi, nafasi za kudumu vyuoni ni chache, na vipindi vya kulipwa kwa saa hulipwa kwa kuchelewa. Miradi ya utafiti wa uraibu, au wa majeraha ya nafsi kama yaliyoachwa na vifo vya waumini msituni Shakahola, Kilifi, 2023, huajiri kwa mkataba. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, mtafute msimamizi aliyechapisha katika mada yako, umuulize wanafunzi wangapi wa uzamivu amewafikisha mahafali.