Je, Kuigawa Sermersooq Kutawasogezea Watu wa Mashariki Serikali?

Manispaa ya Sermersooq, nchini Greenland, ina eneo la takriban kilomita za mraba 530,000, pungufu kidogo ya Kenya nzima, ilhali wakazi wake ni kama 24,000 tu, na wanane kati ya kila kumi wanaishi Nuuk, kwenye pwani ya magharibi. Ng'ambo ya barafu kuu inayofunika sehemu kubwa ya nchi, katika pwani ya mashariki, iko Tasiilaq, mji wa watu wasiofika 2,000, na mbali zaidi kaskazini iko Ittoqqortoormiit yenye watu kama 350. Tangu tarehe 1 Januari 2009, manispaa 18 za zamani zilipounganishwa kuwa nne, wote hao wako chini ya meya mmoja na baraza moja la madiwani lenye makao yake Nuuk. Wapo wanaotaka mashariki itengwe na kuwa manispaa inayojitegemea, na mtu akitazama ramani tu ataona hoja yao haihitaji mtetezi.

Malalamiko yao ni ya kweli. Mkazi wa Ittoqqortoormiit huondoka mjini kwa helikopta hadi uwanja wa ndege wa Nerlerit Inaat, na mara nyingi hulazimika kupitia Iceland, nchi ya watu wengine, ili afike makao makuu ya manispaa yake mwenyewe. Bahari iliyo mbele ya mji huganda sehemu kubwa ya mwaka, hivyo meli za shehena huja wakati wa kiangazi tu. Lugha ya nyumbani inatofautiana na Kalaallisut ya magharibi, ambayo ndiyo lugha rasmi ya nchi. Hata jina la eneo, Tunu, maana yake ni nyuma. Na mashariki huwa nyuma kwa yule tu aliyesimama magharibi.

Lakini kutoka katika ukweli huo hadi katika kuigawa manispaa kuna hatua ambayo watu huiruka. Makao makuu ya manispaa ya mashariki yangekuwa wapi, kama si Tasiilaq? Kutoka Ittoqqortoormiit hadi Nuuk ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa mstari ulionyooka. Hadi Tasiilaq ni zaidi ya 800, na katikati hakuna barabara. Mwenye shida bado angesubiri hali ya hewa itulie ndipo asafiri, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii angeielekea ofisi iliyo maskini zaidi.

Mfano uko jirani. Qaasuitsup, manispaa ya kaskazini iliyozaliwa mwaka 2009 na kusifiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani, iligawanywa tarehe 1 Januari 2018 kuwa Avannaata na Qeqertalik. Mji wa Aasiaat ulipata makao makuu ya Qeqertalik, na sina sababu ya kuuonea wivu. Qaanaaq, mji wa wawindaji ulio mbali kuliko yote huko kaskazini, ulikuwa ukitawaliwa kutoka Ilulissat, zaidi ya kilomita 1,000 kusini. Baada ya mgawanyo ukaendelea kutawaliwa kutoka Ilulissat ileile. Aliyekuwa mbali kuliko wote ndiye ambaye umbali wake haukupungua hata kilomita moja.

Tena kuna suala la fedha na watumishi, ambalo ndilo lililozaa muungano wa 2009. Manispaa ndogo zilikuwa hazipati wahasibu, wanasheria wala maafisa ustawi wa jamii wa kutosha. Manispaa huishi kwa kodi ya mapato pamoja na ruzuku, na wenye mishahara mingi wako Nuuk. Mwaka 2019, hali ya watoto wa Tasiilaq waliodhulumiwa kingono ilipojadiliwa kwa uchungu hadi Denmark, ambayo Greenland iko ndani ya ufalme wake, wengi waliuona kuwa ushahidi dhidi ya manispaa kubwa. Ushahidi huo ni mzito, sikatai. Ila kilichokosekana kwa watoto wale ni wataalamu wanaokubali kuhamia mashariki na kukaa, nao hawaletwi na mpaka mpya. Yako pia mambo yanayomuumiza mwindaji ambayo manispaa yoyote ile haiyaamui: idadi ya dubu weupe wanaoruhusiwa kuwindwa, kwa mfano, imewekewa kikomo na serikali kuu tangu mwaka 2006.

Hoja moja ya wanaotaka kujitenga sina jibu lake kamili. Katika Sermersooq, mtu wa Ittoqqortoormiit ni mmoja kati ya takriban sabini; katika manispaa ya mashariki yenye watu kama 3,000 angekuwa mmoja kati ya tisa, na diwani wake asingeweza kupuuzwa kwa urahisi. Uzito huo wa kura ni kitu halisi. Hata hivyo, wanaoutaka bado hawajatueleza mshahara wa afisa ustawi wa jamii wa Ittoqqortoormiit utalipwa kwa kodi ya nani.